Kabla ya Kuchimba Kisima, Omba Maji

Likizo ya Agosti ikikaribia, bahasha za mchango huanza kuzunguka makanisani. Vijana wanataka kwenda Turkana kwa wiki mbili. Watachimba kisima, watajenga darasa, na jioni watahubiri. Pengine mwanao ni mmoja wao, na utaombwa utie mkono mfukoni. Toa. Lakini kabla ya kutoa, hebu tutafakari pamoja kwa nini baadhi ya safari hizi huzaa matunda, ilhali nyingine hukauka kabla basi halijarudi Kitale.

Joto la Lodwar halimjui mgeni. Siku nyingi mchana hupita nyuzijoto 35, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 tu. Mtu anayeshika sururu katika jua hilo anaweza kutokwa na jasho la lita nzima kwa saa moja. Ndiyo maana kazi huanza alfajiri, na kufikia saa nne watu huweka jembe chini hadi jua lilegee.

Siku ya kwanza ni nyimbo na vigelegele. Kufikia siku ya tatu, miiba ya mathenge imeshatoboa viatu, maji ya kunywa ni ya vuguvugu, ugali una mchanga, na watu waliokuwa wakiitana ndugu na dada wanaulizana kwa ukali ni nani aliyemaliza maji ya mtungi. Usishangae. Wana wa Israeli walipofika Refidimu wakakosa maji, hawakukawia kumgeukia Musa (Kutoka 17). Jangwa humfunulia mtu yaliyokuwa moyoni mwake tangu nyumbani. Kijana anayerudi akiwa amejua hasira yake mwenyewe hakwenda bure.

Wapo viongozi wanaodhani kupumzika kivulini ni uchache wa imani. Msomeni Eliya. Alipochoka chini ya mretemu hata akaomba afe, malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena kwa sababu safari ilikuwa ndefu (1 Wafalme 19). Kijana anayesikia kizunguzungu na kuumwa kichwa juani apelekwe kivulini, apozwe kwa maji, wala asiambiwe ajikaze kwa jina la Yesu. Wazazi wamemkabidhi kiongozi uhai wa watoto wao.

Lakini fundisho kubwa liko katika Yohana 4. Yesu alifika kisimani saa sita ya mchana, amechoka kwa safari. Mwenye maji ya uzima hakuanza kwa kugawa maji. Alianza kwa kuyaomba, tena kwa mwanamke Msamaria ambaye Wayahudi hawakuchangamana na watu wake. Mwanamke yule ndiye aliyekuwa na mtungi, na ndiye aliyejua kina cha kisima.

Nasi tunapokwenda Turkana, wenye mtungi ni akina mama wa huko. Wao ndio wanaofukua mchanga wa mto mkavu, wakangoja maji yachuruzike polepole, wakayateka kikombe kwa kikombe hadi mtungi wa lita 20 ujae. Wanajua ni pindo gani la mto lina maji baada ya miezi mingi ya ukame, na ni wapi maji yana chumvi. Walivuka ukame wa kati ya mwaka 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, mifugo ikafa mbele ya macho yao. Kijana wa Nairobi atamfundisha nini mama huyo kuhusu kiu? Na amwombe kwanza maji, aketi, amsikilize.

Hata wataalamu wamejifunza hili. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba hifadhi kubwa ya maji imegunduliwa chini ya ardhi ya Lotikipi. Nchi nzima ilishangilia, wengi wakadhani kiu ya Turkana imekwisha. Baadaye vipimo vilionyesha kwamba maji yale yana chumvi nyingi mno. Furaha ya haraka haiondoi kiu.

Na mara ngapi tumeona pampu ya mkono iliyosimama kavu, imeandikwa kwa rangi jina la waliotoa? Haikufa kwa kukosa maombi. Ilikosa kipuri cha bei ndogo, ikakosa fundi wa kijijini, ikakosa kamati iliyojua kwamba pampu ni yake. Waliotoa walikuwa wamesharudi nyumbani na picha zao.

Najua wapo wanaosema, “Basi nauli ya vijana itumwe huko, wao wabaki.” Hoja hiyo ina uzito, na mahali pengine ndiyo ya kufuatwa. Hata hivyo, Mungu wetu hakutuma salamu tu. Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu, akajua kiu. Kwenda kuna maana, mradi tuende kama wanafunzi. Aliyepimiwa maji kwa kikombe hataacha tena mfereji ukitiririka. Na akishakuwa mpiga kura, atakumbuka kwamba kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila Mkenya haki ya maji safi ya kutosha, kisha aulize bajeti ya maji imekwenda wapi. Sadaka yetu isiwe kisingizio cha wenye mamlaka kulala.

Kwa hiyo, bahasha ikikufikia, waulize viongozi wa vijana maswali matatu. Je, parokia au kanisa la huko ndilo lililotuita, na wenyeji ndio waliochagua kazi? Ni fedha ngapi zimetengwa kwa vipuri na mafunzo ya fundi wa hapo? Tutarudi lini kuona kama maji bado yanatoka? Wakiwa na majibu, ongeza mchango wako. Wakikosa, usiwavunje moyo. Waambie wampigie simu mwenyeji wao, kisha warudi kwako.

Katika Mathayo 25, Mfalme anasema kwamba yeye ndiye aliyekuwa na kiu, na wenye haki wanashangaa kwa kuwa hawakujua walikuwa wakimhudumia nani. Kijana wako anaweza kumkuta Bwana huyo ukingoni mwa mto mkavu, na huenda akamkuta ndiye anayemnyoshea kikombe. Mfundishe kukipokea kwa mikono miwili.

Jumapili njema.