Mstari Unaogusa Kila Nukta

Mstari uliochorwa na kompyuta, hata ukipendeza namna gani, hautoshi kuamua nani ajenge na nani ahame kando ya Ziwa Victoria.

Programu za majedwali zilizomo katika kompyuta nyingi za ofisi humwezesha mtu kuingiza vipimo vya kila mwaka, kisha kuchora juu yake mstari wa mwelekeo. Akichagua mstari wa polinomia, hutakiwa kutaja kipeo. Kipeo cha 2 huruhusu mstari ugeuke mara moja, na kila kipeo kinachoongezwa huruhusu mgeuko mmoja zaidi. Mwenye vipimo vya miaka 6 akitumia kipeo cha 5, atapata mstari unaogusa nukta zote, na watazamaji watamsifu. Lakini mstari huo haujui lolote kuhusu mvua wala mito. Umekariri nukta zake kama mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa jana. Ukivuka mwaka wa mwisho, hukimbilia juu au chini pasipo kizuizi.

Ziwa lenyewe latufundisha. Kuanzia mvua kubwa za 1961 hadi 1964, maji yalipanda zaidi ya mita 2. Aliyeurefusha mpando huo angetabiri gharika isiyokoma; kumbe maji yalianza kushuka. Mwaka 2006 yalifikia usawa wa chini usioonekana tangu 1923, kwa sababu ya ukame na ya maji mengi yaliyoachiliwa katika mabwawa ya umeme ya Jinja. Aliyeurefusha mteremko huo angeuhesabu ufuko mpya kuwa ardhi ya kudumu. Mwezi Mei 2020 maji yalipita kiwango cha 1964.

Hapa ndipo haki inapoguswa. Mtaalamu akikosea makadirio, huchora mengine. Mvuvi wa Igombe au mkulima wa Magu akiyafuata makadirio hayo, hupoteza nyumba na shamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nao ukingo huhama.

Kwa hiyo viongozi wa walei, na jumuiya ndogondogo pia, waulize mambo matatu kabla ya kuupokea mchoro wowote. Kwanza, vipimo ni vya miaka mingapi? Pili, kipeo ni cha ngapi, na kwa nini mstari ulionyooka au wa kipeo cha 2 haukutosha? Tatu, miaka ya mwisho ikifichwa, je, mstari uliochorwa kwa miaka iliyotangulia unaikadiria sawasawa? Asiyeweza kujibu asipewe mamlaka ya kumhamisha mtu, wala ya kumgawia kiwanja.

Tena waulizwe wazee wanaokumbuka maji yalifika wapi mwaka 1964. Kumbukumbu yao nayo ni kipimo, na haifai kuachwa nje ya jedwali.