Sitajikaza

Kuna neno ambalo Watanzania humpa mgonjwa kabla hawajampa kiti: jikaze. Nimepewa na makonda, na wahadhiri, na mama wadogo wawili, na muuguzi mmoja aliyekuwa bado ananitafuta mshipa. Nalikataa, pamoja na ndugu zake wenye sura ya upole: "jipe moyo", "acha mawazo", "wewe ni mpambanaji". Najua yanatoka kwenye mapenzi. Ndiyo maana kuyakataa uso kwa uso ni vigumu, na ndiyo maana naandika.

Nina miaka 26, nasoma shahada ya uzamili, na moyo wangu hausukumi damu ya kutosha. Chanzo ni koo lililouma utotoni. Bakteria hawakutibiwa kwa penisilini, kinga ya mwili ikachanganyikiwa, ikaishambulia valvu. Ni habari ya kawaida kwetu. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu, ambao katika nchi tajiri umebaki nadra. Hospitalini hali yangu inaitwa moyo kushindwa kufanya kazi. Kushindwa! Lugha yangu mwenyewe imeshatangaza matokeo na mechi haijaanza.

Uchovu wake si ule wa kukesha na tasnifu. Ule naujua, na una utamu wake. Huu hauondoki kwa usingizi. Moyo mzima wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Ukipungukiwa nguvu, mwili unaanza mgao, kama ule wa umeme: ubongo na moyo wenyewe vinapewa kwanza, misuli ya miguu inakaa gizani. Figo zikiona damu inayozifikia imepungua, zinadhani umepoteza maji, basi zinayashikilia pamoja na chumvi. Miguu inavimba, mapafu yanalowana, usiku unalalia mito mitatu kama abiria wa basi la mkoani. Hata baadhi ya dawa zinazoulinda moyo huupunguza mwendo, nazo zinachosha, hasa mwanzoni. Katika mlolongo wote huo, naomba nionyeshwe kitu cha kukaza.

(Mtaani, tena, kuchoka maana yake ni kufulia. Ukisema umechoka, watu wanaangalia viatu vyako.)

Kujikaza kuna gharama, na anayeilipa si yule anayekushauri. Chukua dawa ya kukojoza. Ukiimeza asubuhi, saa chache zinazofuata ni za choo. Sasa panda daladala kutoka Gongo la Mboto kwenda mjini, kwenye foleni, umesimama. Mgonjwa anayetaka kuonekana mzima haimezi. Kwenye benchi la kliniki tunaambiana haya kwa kunong'ona: huyu ameiacha kwa sababu ya safari, yule kwa sababu bosi wake anahesabu anavyotoka. Wanafika kazini bila kumsumbua mtu, wanasifiwa kwa moyo wao, na baadaye wanarudishwa wodini wakihema, maji yamejaa mapafuni.

Wapo watakaosema: lakini madaktari wenyewe wanahimiza mazoezi. Kweli. Kwa mgonjwa aliyetulia, kutembea kwa kipimo kunasaidia, na mimi natembea kila jioni. Ila mazoezi ya daktari yana mahali pa kusimama: ukishindwa kuongea huku unatembea, punguza. Jikaze haina breki.

Na huko ndani, kwenye ule moyo mwingine ambao washairi wameuzoea? Kuna usiku naamka na kuweka vidole shingoni, nahesabu. Kuna siku nachukia harusi ya rafiki yangu kwa sababu tu ina ngazi. Kuna suala la kuzaa, ambalo kwa valvu kama yangu ni swali la daktari kabla halijawa la mchumba, na ambalo kila shangazi analiuliza kwa sauti ya kutania. Sonona huwapata wengi wenye moyo dhaifu, na ni rahisi kuikosa, kwani inavaa nguo zilezile: kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, uchovu. Daktari anaona moyo, nyumbani wanaona mawazo, na mchungaji anaona imani haba. Ninaposali, Mungu hajawahi kuniambia nijikaze. Kliniki ninayohudhuria wananipima uzito, presha, wanabonyeza vifundo vya miguu. Kwa miaka mitatu sijaulizwa kama nalia.

Sidharau tulichojenga. Tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na upasuaji mwingi uliokuwa ukiwapeleka watu India unafanyika Dar es Salaam. Upasuaji hupigwa picha. Miaka inayofuata, ya vidonge, chumvi, na kulala saa kumi jioni kama mtoto, haina mpiga picha, na pengo hilo ndilo tunaloliziba kwa sifa. Sifa ni rahisi kuliko choo. Ukishaniita shujaa, huna haja ya kuniuliza kama ngazi zinanishinda, jibu umeshanipa.

Ninachodai ni kidogo hadi kinaaibisha. Muuguzi anayepima presha aulize pia usingizi na machozi, aandike. Mwajiri asihesabu mara za kwenda chooni. Anayetaka kunifariji aniulize leo naweza nini, kisha aamini jibu, hata likiwa "hakuna". Na ratiba ya chuo itazamwe upya. Niliomba semina yetu ihamishwe kutoka ghorofa ya nne, nikaambiwa wenzangu wote wanapanda, nijikaze. Chini kuna chumba chenye feni mbili na ubao mzuri. Kimefungwa, wamehifadhi viti vibovu.