Hisabati Haina Njia ya Mkato

Wapo wanafunzi wa vyuo vikuu wanaodhani kwamba mpangilio wa masomo ya hisabati ni urasimu wa walimu tu. Huuliza: mtu atakaye kuwa mtakwimu, kalkulasi ya mwaka wa kwanza yamhusu nini?

Swali hilo lastahili jibu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Tanzania ina watu 61,741,120. Kati ya sensa moja na nyingine, taifa hutegemea makadirio yatokanayo na sampuli ya kaya chache. Uhakika wa makadirio hayo hupimwa kwa nadharia ya uwezekano. Na uwezekano huo, mara nyingi, ni eneo lililo chini ya mstari uliopinda. Eneo hilo hutafutwa kwa kalkulasi, nayo kalkulasi haimkubali asiyeimudu aljebra. Aliyeruka ngazi hukariri kanuni, akapata jibu asilojua kama ni sahihi. Zahanati au kisima kikijengwa pasipostahili kwa sababu ya jibu hilo, gharama ni ya wananchi.

Kwa hiyo, kumvusha mwanafunzi aliyeshindwa somo la msingi si kumhurumia. Kumfukuza nako hakulijengi taifa. Lililo la haki ni kumrudisha pale alipojikwaa, apewe mwalimu na muda, kisha aendelee. Wakuu wa vyuo hawana budi kulisimamia jambo hilo tangu mwaka wa kwanza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.