Omera, hilo deni halinunuliki Kisumu

Tangu niache chuo, simu yangu hainipi pumzi. Kila nikiifungua kuna Mmarekani ananiahidi utajiri wa kununua madeni ya kodi za nyumba. Juzi tukila samaki Dunga, rafiki yangu akaniambia yuko tayari kulipa elfu 15 apate hayo mafunzo. Nikamwambia: omera, rudisha hizo pesa mfukoni.

Biashara yenyewe si uongo. Kule Florida, mwenye nyumba asipolipa kodi, kaunti hunadi deni lake. Mwekezaji analipa, halafu anarudishiwa na riba. Lakini mnada huanzia asilimia 18 na kuteremka. Anayekubali riba ya chini zaidi ndiye hushinda. Hiyo 18 unayoonyeshwa kwa video ni mwanzo wa mnada, si faida yako.

Hapa kwetu mnada huo haupo. Katiba, kifungu cha 209, imeipa kaunti nguvu ya kutoza kodi ya ardhi, na kaunti hudai yenyewe. Tena kaunti zetu mara nyingine husamehe riba ili watu walipe. Sasa wewe ungekula nini?

Kitu cha kujua ni hiki: deni hilo hufuata ardhi, hata kama halijaandikwa kwa hati. Chama chetu cha watu sita kilijifunza vibaya. Tulitoa elfu 50 kushikilia ploti karibu na Mamboleo. Hati safi, muuzaji mzee mpole. Kufika kuhamisha umiliki, tukaitishwa cheti cha kuonyesha kodi ya kaunti imelipwa. Deni lilipita laki mbili! Bila cheti hicho, uhamisho haukuendelea. Mzee akasema hana kitu. Elfu 50 yetu hatujaiona hadi leo.

Kwa hivyo kabla ya kutoa hata shilingi, kagua rekodi za hati, kisha beba nambari ya ploti uende ofisi ya kaunti uulize inadaiwa ngapi. Deni likiwepo, likatwe kwenye bei na liandikwe kwa mkataba.

Kuuliza swali hilo hakuhitaji mafunzo ya elfu 15. Sisi tulilipa 50 kwa kutouliza.