Mpiga Kasia Halishwi Ahsante

Tukiandika juu ya mila za Maniema tunakimbilia ngoma, mahari na mambo ya ufalme. Kuna desturi moja wasomi wetu wanaipita tu, eti ni kazi ya watu wa mtoni: mwenye mtumbwi kuacha safari yake aokoe anayezama. Mimi nasema hiyo ndiyo ingefaa kufundishwa ya kwanza, tena ilipwe.

Wengine wananijibu: "Mwalimu, kuokoa ni kazi ya serikali. Wazungu wana nyumba za waokoaji kando ya bahari." Sawa, lakini wasome vizuri. Chama cha waokoaji wa Uingereza kilianzishwa mwaka 1824, kwa michango ya raia, na mpaka leo wengi wanaopanda mashua zake ni watu wa kujitolea. Wamewazidi Wagenya vyombo na mafunzo, hawakuwazidi moyo.

Bila Wagenya nani alivuka Lualaba? Livingstone mwaka 1871 alikwama Nyangwe juu ya kukosa mitumbwi, na Cameron mwaka 1874 vilevile. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa bunduki walipiga risasi sokoni Nyangwe. Wauzaji walirukia mitumbwi, ikajaa, wengi wakazama. Livingstone aliandika kwamba Waarabu wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Mfanyabiashara Dugumbe alituma watu na mtumbwi ulioachwa, wakatoa 21 majini. Lakini mwanamke mmoja alikataa kupanda. Aliogopa kufanywa mtumwa, akaona afadhali aogelee.

Huyo mama anatufundisha jambo kubwa: mkono wa kuokoa lazima uwe mkono unaoaminiwa. Kwa hiyo mlinzi wa maji atoke kwa watu wa mto wenyewe, asiletwe kutoka mbali na kofia yake.

Angalieni Bukoba, Tanzania. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani na watu 43. Wavuvi ndio walifika mbele, na 24 wakapona. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alipewa kazi katika jeshi la zimamoto na uokoaji. Vizuri, lakini kwa nini tungoje msiba ndipo tumjue mvuvi? Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilizama Kituku, Goma, karibu kabisa na bandari, watu wanaona kwa macho. Macho peke yake hayaokoi.

Kuna wanaosema pesa itaua mila. Sisi walimu tunayajua maneno hayo! Mwalimu anapenda watoto, ndiyo, lakini mapenzi hayanunui muhogo.

Sisi wa Salamabila tunaona dhahabu iko karibu na mto uko mbali. Lakini mtu anayetoka upande wetu kwenda kupanda treni Samba anavuka Lualaba, na mtoto wake pamoja naye. Basi tuombe vitu vinavyowezekana: kila kivuko kiwe na mtumbwi mmoja usiobeba mizigo, gile ya kuelea kwa kila abiria, majina ya wapiga kasia waokoaji yaandikwe, na sehemu ya kodi ya kivuko iwafikie mkononi. Na shuleni tufundishe watoto kuogelea. Mila isiyookoa mtoto wetu tutamrithisha nani?