Kilo za Kiangazi Haziondoki na Mvua

Mvua imerudi. Milima ya Kivu imeanza kuvaa majani mabichi, watoto wamerudi shuleni, nawe umevaa koti lako la Jumapili ukaona kifungo hakifiki kwenye tundu lake. Ukasema, "Koti limepungua kwa kufuliwa." Sivyo. Koti ni lile lile.

Twajua jinsi ilivyokuwa. Toka mwezi wa sita hata mwezi wa nane jembe hupumzika. Ndio wakati wa arusi, wa kupeleka mahari, wa wageni waliotoka mbali. Jumamosi moja, arusi mbili. Kila mahali bugali na nyama ya mbuzi, wali, sombe yenye kung'aa kwa mawese, ndizi za kukaanga, na chupa ya sukre mkononi mwa kila mtu. Kukataa ni kumdharau mwenye nyumba. Sisi wa hospitali tulikuwa kwenye arusi hizo hizo, nasi tulikula. Kwa hiyo hatuandiki ili kukemea mtu.

Lakini kuna neno moja tunalolisikia kila mwaka, nalo si kweli. Watu husema, "Kilo hizi zilikuja na kiangazi, zitakwenda na kiangazi." Kwa wazee wetu ilikuwa hivyo. Mvua ya mwezi wa tisa ilipoanguka walishika jembe tangu alfajiri, wakapanda mlima na mzigo mgongoni, na chakula kilikuwa haba mpaka mavuno. Kazi ililiyeyusha fungu la kiangazi. Mama anayelima hivyo hata leo, ukurasa huu haumhusu, na apumzike. Twasema nawe unayekaa mjini, mwalimu, karani, mwenye duka, mchungaji, unayepanda pikipiki mlangoni pako na kushuka mlangoni pa kazi. Kwako wewe mvua haiondoi kitu.

Mwaka wa 2000 waganga wa Marekani walitangaza uchunguzi wao. Waliwapima watu wazima 195 kabla ya siku kuu za mwisho wa mwaka na baadaye. Kwa wastani waliongezeka gramu 370 tu wakati wa siku kuu hizo. Ni kitu kidogo, kama mfuko mdogo wa chumvi. Lakini gramu hizo hazikutoka katika miezi iliyofuata. Sasa fanya hesabu mwenyewe. Nusu kilo kila mwaka ni kilo kumi katika miaka 20. Ndiyo maana kijana aliyeoa akiwa na kilo 68 anafika kwetu na kilo 78, damu yake inapanda, mkojo wake una sukari, naye hawezi kutuambia ni siku gani alinenepa.

Wengine watakasirika tukisema haya. Kwetu tumbo la baba ni heshima, na mama mnene husifiwa kwamba mume wake anamtunza vema. Tena kuna hofu nyingine iliyo chini ya hiyo, ambayo watu huisema kwa sauti ndogo. Mama mmoja mwenye ugonjwa wa sukari alikataa shauri letu kabisa. Alisema, "Nikikonda, majirani watasema nina sida, na shemeji zangu wataanza kuhesabu vyombo vya nyumbani." Hatukumcheka. Maneno ya majirani ni mzigo mzito. Lakini tulimwuliza ni nani kati ya majirani hao atakayemnunulia dawa ya macho, au atakayemwosha kidonda cha mguu kisichopona. Alinyamaza sana. Baadaye alimleta mume wake ili asikie naye, na kwa maoni yetu hilo lilisaidia kuliko mafundisho yetu yote, kwa sababu mtu hapunguzi chakula peke yake katika nyumba ya watu wanane.

Basi, tufanyeje? Kwanza acha dawa za kuharisha, na chai za sokoni zinazoahidi kuondoa tumbo kwa siku saba. Zinaondoa maji, zinakuacha dhaifu, na ukinywa maji kilo zinarudi siku ile ile. Usikae na njaa siku tatu pia. Mtu wa namna hiyo, siku ya nne hula sahani mbili.

Anza na chupa. Sukre ya santilita 33 ina sukari karibu gramu 35, yaani vijiko vidogo saba au zaidi, na nguvu yake ni kama kalori 140. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni karibu kalori 7,700. Mtu aliyezoea chupa moja kila siku, akiiacha na kunywa maji safi, huondoa karibu kilo moja kwa miezi miwili, bila kugusa bugali yake. Kisha tazama mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese ni kalori 120, nawe hutembea karibu nusu saa ili kuzimaliza. Kwa hiyo pima mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka chupani. Bugali, ipunguze nusu. Mahali palipobaki kwenye sahani ujaze lengalenga, maharagwe, na sambaza wa kuchemsha. Usipunguze maharagwe wala samaki, maana hao ndio wanaolinda nyama ya mwili wako wakati mafuta yanapotoka.

Lakini, mama, mafuta unayopunguza ni ya sahani yako, si ya watoto wadogo. Katika hospitali hii hii tuna watoto waliovimba miguu kwa utapiamlo, na twaona haya kidogo kuandika juu ya unene huku wao wamelala chumba cha pili. Mtoto mdogo anahitaji mafuta katika uji wake. Mwachie.

Tena tembea. Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliotangazwa mwaka wa 2002, ulifuata watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kushikwa na ugonjwa wa sukari. Waliofundishwa kula vizuri, kutembea dakika 150 kila juma, na kupunguza sehemu saba kwa mia ya uzito wao, ugonjwa ulipungua kwao kwa sehemu 58 kwa mia kuliko kwa wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Waliomeza kidonge cha metformini walipata sehemu 31 tu. Miguu ilishinda kidonge! Nasi tunaogawa vidonge tunakiri hivyo. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kwa mtu wa kilo 85, sehemu saba kwa mia ni kilo sita. Mshukie mwenye pikipiki njiani, upande kilima kilichobaki kwa miguu. Nusu kilo kwa juma yatosha, usiikimbilie zaidi.

Shauri hili si la mwenye mimba, wala anayenyonyesha mtoto mchanga, wala mgonjwa wa kifua kikuu. Anayemeza au kudungwa dawa ya sukari asipunguze chakula kabla ya kuonana nasi, maana sukari yaweza kushuka ghafula akaanguka. Na mtu anayekonda bila kutaka, huku anakula kama zamani, asifurahi. Aje upesi.

Ninyi wengine njoni kwenye mizani asubuhi, kabla ya kula, mmevua viatu na koti. Tutaandika kilo zenu kwenye karatasi, na kupima kiuno kwa kamba: kwa mwanamume twaanza kuangalia vizuri kutoka santimita 94, kwa mwanamke 80. Rudini na karatasi ile ile baada ya majuma manne, siku ile ile, na nguo zile zile.