Nota zina wenyewe hata Kyela

Imechapishwa makala inayodai kwamba muziki wa okestra na wa filamu si wetu, na kwamba kijana wa Kyela anayekesha na nota anapoteza muda. Ushahidi wake ni Christopher Tin, Mmarekani aliyetunga “Baba Yetu” kwa ajili ya Civilization IV, mchezo wa kompyuta wa 2005, na kushinda Grammy mwaka 2011. Ati kama hata sala ya Kiswahili imepata umaarufu kwa mkono wa mgeni, sisi tuna nini?

Hapana, sikubali. Tin alifikishwa pale na shule: Stanford, kisha Royal College of Music ya London. Na Padri Stephen Mbunga, Mtanzania, alikuwa ameshatunga misa ya Kiswahili miongo kadhaa kabla yake. Mtunzi Justinian Tamusuza wa Uganda naye, kazi yake ilirekodiwa na kundi la Kronos Quartet katika albamu ya Pieces of Africa, 1992. Mwandishi hawataji.

Aje Busale, hukohuko Kyela, jioni ya mazoezi ya kwaya. Mwalimu anaandika d, r, m, f ubaoni kwa chaki. Sauti ya nne inarudishwa mstari uleule mpaka ikae, ndipo zote nne ziunganishwe. Hawa tayari wanasoma muziki! Wanachokosa ni mwalimu wa kuwaonyesha namna ya kuandikia fidla na tarumbeta, na watengenezaji filamu walio tayari kumlipa mtunzi badala ya kunyofoa muziki mtandaoni. Lawama zake angezipeleka huko.